Futa Kwanza

Mashine ya boti ilizama saa nne asubuhi, kwa muda mfupi kuliko mtu kumaliza kusema Lahaula.

Wimbi liliwajia ubavuni. Boti ile ndogo ya faiba ikalala upande, vibano vya mashine vikaachia, na Mzee Ame akairukia kama mtu anavyomrukia mtoto ukingoni mwa kisima. Aliiwahi, na hilo ndilo lililomponza, kwa kuwa propela ilikuwa bado inazunguka. Ilimpasua mguu wa kulia kutoka kifundoni hadi karibu na vidole. Mikono ikalegea, mashine ikamponyoka, ikaguna mara moja majini na kwenda zake chini, mahali ambapo kamba ya nanga yao isingefika hata wangeiunga mara kumi.

Haitham alikuwa omoni, mbele ya boti, kawapa mgongo mzee na mashine yake, jicho kalibandika kwenye kamera. Nyangumi alikuwa amechomoza mkia. Alisikia kishindo, akasikia ukelele, na bado kidole chake kilibaki juu ya kitufe mpaka mkia ule ulipozama. Alipogeuka, maji ya botini yalikuwa mekundu.

"Mzee Ame!"

"Nguu," mzee alisema kwa meno yaliyokazwa, kaushika mguu wake. "Vua shati lako ulifunge hapa juu. Kaza. Kaza, mwanangu, usinionee huruma."

Haitham alikaza. Damu ilipungua. Kisha wakatazama walichobakiwa nacho: kasia moja, upondo mmoja, kopo la kufulia maji yaliyoingia botini na dumu la maji ya kunywa la lita tano, ambalo nusu yake ilikuwa imekwisha kumwagika. Simu ya mzee ilikuwa imelowa. Ya Haitham ilikuwa nzima, ila mtandao haukuwepo kabisa. Upepo wa kusi uliwasukuma kaskazini, na mkondo nao ukasaidia kazi hiyohiyo.

Huyu Haitham alikuwa mpiga picha wa Chake Chake, mtu wa miaka thelathini na tatu, hodari wa harusi na mikutano ya kampeni. Tangu vyama vingi viingie, Pemba kamera si kitu cha kuchezea. Mtu akiiona huuliza kwanza imetumwa na nani. Haitham alijua kujibu swali hilo kwa ucheshi, akala na pande zote mbili. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 alinunua kwa mwandishi mmoja wa kutoka bara kamera ya video yenye lenzi ndefu ya kuvuta mbali kwa mota. Lenzi hiyo haikutaka kuzungushwa kwa mkono. Ukigusa kitufe, mota hunguruma taratibu kama nyuki aliyenaswa koponi, na kitu kilicho mbali hukujia chenyewe, bila picha kutikisika. Haitham aliipenda mota ile kuliko inavyopasa mtu kupenda chombo. Na mwenye nyumba moja ya wageni alipotaka picha za nyangumi wanaopita mkondo wa Pemba miezi ya kusi, Haitham aliona riziki imemfuata mlangoni.

Ndipo akavuka kutoka Wete hadi kisiwa cha Fundo, mwezi wa Septemba, akalala kwa Mzee Ame. Asubuhi mke wa mzee, Bi Mwanamize, mama yake Khairat, alimwandalia chai na mikate ya kusukuma. Aliiweka mbele yake akiwa kajifunika vizuri, akamwambia, "Kula ushibe, mwanangu, baharini hakuna jirani." Kisha akabeba kamba zake na kwenda kwenye mwani na wenzake.

Sasa Fundo wana ada yao. Maji yakitoka, wanawake wako ndani ya maji ya magoti wakifunga mwani kwenye kamba, kanga zimepandishwa, vichwa viko wazi kwa joto la jua. Boti inayopita karibu nao hupunguza mashine, nahodha hupiga hodi kwa sauti kubwa, hungoja wajitengeneze, kisha hupita akiwa kageuza uso upande wa pili. Mzee Ame alifanya hivyo. "Hodi, akinamama!" aliita, na wao wakaitikia kwa vicheko na kujivuta kanga. Akageuza uso. Haitham naye akageuza wake, kama mtu aliyelelewa.

Boti ilipokuwa imekwenda mbali, wanawake wale wamekuwa vitone tu, Mzee Ame aliinama kufua maji. Haitham aliielekeza kamera nyuma, ajaribu mota, alijiambia. Akagusa kitufe. Vitone vikawa watu. Walijua boti imepita, basi walikuwa wamerudi kufanya kazi kama walivyo. Mmoja alifungua kanga yake aikamue. Haitham aliitambua kanga ile ya manjano. Ndiyo aliyojifunika Bi Mwanamize alipomwekea mikate asubuhi. Aliitambua, na kidole hakikutoka. Alipiga vipande saba, dakika tisa kwa jumla, akivuta na kurudisha, akivuta na kurudisha.

Kisha wakatoka kwenye mlango wa bahari kwenda maji makubwa, wakaona nyangumi kwa mbali. Mzee Ame alisema hapa ndipo mwisho wake, hazidi. Haitham akasema mbele kidogo, mzee, kidogo tu. Walisogea mbele kidogo mara tatu.

*

Alasiri ya siku ile ya kwanza, Mzee Ame aliinua mkono.

"Kule, upande jua liendako. Waonani?"

"Naona kitu cheusi."

"Na miye nakiona. Yaweza kuwa gogo, yaweza kuwa boti. Washa hiyo kamera uivute. Kisha nipe mie nitazame, boti za huku nazijua kwa omo zake." Mkono alikwisha kuunyoosha.

Kamera ile haikuwa na kadi ya kuchomoa. Picha zote zilikaa tumboni mwake. Na ilikuwa na tabia moja: ukiiwasha, kioo huonyesha kwanza vipande vyote vya siku hiyo, vimepangwa kama vigae, kila kimoja na sura yake. Haitham aliutazama mkono wa mzee, umejaa chumvi na damu iliyokauka.

"Betri imekwisha, mzee," alisema.

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Na yakishatoka, yakamfunga. Asingeweza tena kuiwasha kwa siri akafuta, maana lenzi ile ikiamka mota hunguruma, na boti yenyewe urefu wake hatua sita. Mzee angesikia hata akiwa usingizini.

Mzee Ame alirudisha mkono. "Basi," alisema. "Kama ni gogo, tutajichosha bure. Kasia moja hili, na miye siwezi kukanyagia nguu. Tungoje tuone."

Wakangoja. Baada ya nusu saa kile kitu cheusi kiligeuka ubavu, na juu yake wakaonekana watu wamesimama, wadogo kama vijiti vya kiberiti. Haitham alipiga kelele mpaka koo likamchubuka. Alisimama juu ya ubao akipunga mikono, boti ikayumba, mzee akamshika suruali asianguke. Boti ile ikashika njia yake ya magharibi, ikafifia, ikapotea.

"Ilikuwa boti," Mzee Ame alisema. "Laiti tungalijua mapema, tungaliikata njia."

Hakumlaumu mtu. Haitham aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na huyu alikuwa akificha uchi wa watu wengine juu ya wa kwake. Lakini ikiwa mwanzo ilikuwa vigumu kusema nimechungulia, sasa ilikuwa nimechungulia na nimekuua. Akainama akafua maji.

Waliendelea kufua maji kwa zamu mpaka kukacha.

Siku ya pili jua lilikuwa kali tangu linachomoza. Mguu wa mzee ulikuwa umevimba hadi kwenye goti, ngozi inameta, na shati lilipofunguliwa harufu ilimfanya Haitham ageuze uso. Aliusafisha kwa maji ya bahari. Mzee hakulia, ila aling'ata ukosi wa fulana yake. Midomo ilikuwa imempasuka. Katika dumu yalibaki maji ya kulowesha ulimi.

"Kunywa," Mzee Ame alisema, akimpa dumu. "Mie nshakunywa."

Haitham alikuwa amemtazama alipokuwa akinywa. Dumu lilikwenda mdomoni, lakini koo halikucheza. Mzee alikuwa akimwekea yeye. Haitham alikunywa funda moja, na funda lile lilimshuka kama jiwe.

Adhuhuri mzee alianza kutetemeka, na jua liko utosini. Alitayamamu kwa vumbi la chumvi ubaoni, akasali kwa ishara, kisha akamwita.

"Nisikilize. Nikifa usinitupe majini mpaka umenisalia. Wajua kusalia maiti?"

"Mzee, usiseme hivyo."

"Nakuuliza wajua?"

"Najua."

"Haya. Ukifika, mwambie mama Khairat kamba zake mpya za mwani zi kwa Hamzah, pale Wete, akazichukue. Mwambie aniwie radhi. Nenda mwenyewe, usimtume ntu. Wewe umekula kwake, wewe ni ntoto wa nyumbani. Mie sina mwengine wa kumwaminia hapa."

Haitham alifungua mdomo kusema inshallah, na likatoka jingine.

"Betri ipo, mzee."

Mzee Ame alifumbua macho. "Betri gani?"

"Ya kamera. Ipo tangu jana. Ile boti tungaliweza kuijua."

Maji yaligonga ubavu wa boti. Mzee alijikokota akaegemea ubao ili amtazame vizuri.

"Kwa nini?"

Haitham alisema yote, akiwa kainamia magoti yake. Alisema mna picha mle, za wanawake wa mwani. Alisema aliwavuta walipokwisha kuwapita. Alisema hakutaka mzee azione.

"Mama Khairat yumo?"

"Yumo."

Mzee Ame alilivuta kasia, akaliweka mapajani. Haitham alidhani atapigwa, na moyoni akaomba apigwe, walau deni lipungue. Mzee hakumpiga. Aliligeuza kasia lile huku na huku, macho yake yametota, kisha akalilaza palepale lilipokuwa.

"Umekula kwake," alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. Baadaye akauliza, "Ina uhai gani?"

"Alama yake nyekundu. Labda dakika nne. Nikivuta sana hazifiki. Mota ndiyo inayokula."

Haitham alizikumbuka dakika tisa za Fundo. Dakika tisa za kuvuta na kurudisha, zingetosha kuitafuta bahari nzima.

"Futa kwanza," mzee alisema.

"Mzee, ni vipande saba, kila kimoja kinafutwa peke yake. Vitatumalizia betri. Tutazame kwanza, tukiona boti—"

"Futa."

"Tufe kwa ajili ya picha?"

"Tukifa, chombo hicho kitaokotwa. Na watakaokiokota ni wanaume, na la kwanza watafungua waone yaliyomo. Mie nitakuwa sipo wa kumfunika nke wangu. Nao wale wengine wana waume, wana kaka. Futa, kisha utazame."

Mzee Ame aliivuta kofia yake ikamfunika macho. "Nke wangu namjua," alisema chini ya kofia. "Wale wengine si haki yangu kuwaona."

Haitham aliiwasha. Mota iliamka ikanguruma. Vigae vikajipanga kiooni. Alifuta cha kwanza. Kamera ikauliza kama ana hakika. Akafuta cha pili, cha tatu. Kidole kilichopasuka kwa chumvi kiliacha alama ya damu kwenye kioo. Cha saba kilikuwa na ile kanga ya manjano. Alikifuta bila kuvuta pumzi. Akafuta na nyangumi pia, ingawa hakuambiwa.

"Tayari."

"Usiivute mwanzo," Mzee Ame alisema akiinua kofia. "Tazama wazi, uzunguke polepole. Usitafute boti, boti ndogo hutoiona. Tafuta ndege. Penye ndege wengi pana dagaa, na penye dagaa pana wavuvi."

Haitham alipiga magoti omoni, viwiko juu ya ubao. Kusini, hakuna. Magharibi, maji na mng'aro wa jua. Alama nyekundu ilianza kupepesa. Kaskazini mashariki, juu ya mstari wa bahari, palikuwa na kitu kama unga uliopeperushwa.

Aligusa kitufe. Mota ikavuta. Unga ukawa ndege weupe, mamia, wanashuka na kupanda. Chini yao, kila wimbi liliposhuka, ilionekana boti, na watu wamewapa mgongo, wanavuta nyavu.

"Mzee! Shika!"

Mzee Ame alitia jicho. "Omo nyekundu. Hao wa Makangale. Ndo kwanza wameanza kuvuta, hawaondoki kabla ya nusu saa." Alitazama jua, akatazama kivuli chake. "Elekea huko. Jua likupige bega hili la kushoto, usiliache lihame, maana wimbi likituficha hatutawaona tena."

Aliposema hivyo mota ilikata. Kioo kikawa cheusi.

Haitham alipiga kasia. Alipiga upande huu mara tatu, upande wa pili mara tatu, jua likiwa begani. Malengelenge yalifura viganjani, yakapasuka, mpini wa kasia ukateleza kwa maji yake. Hakuona ndege, hakuona boti, aliona milima ya maji tu. Mzee Ame alikuwa tezini, nyuma, kaukumbatia upondo, na kileleni mwake amelifunga lile shati la damu. Kila walipopanda juu ya wimbi aliuinua, na kila alipouinua alitoa mlio kama wa mnyama.

"Bega," alisema. "Limehama bega lako."

Haitham alijirekebisha. Alikasia akilia, na kamasi na machozi vikamwingia mdomoni, naye akavimeza kwa kiu. Ndege walitokea ghafla, karibu, kelele nyingi. Halafu wakasikia mashine ikiwashwa. Wavuvi walikuwa wanaondoka.

Mzee Ame alisimama. Alisimama kwa mguu ule ule, akaupandisha upondo mpaka mikono ikanyooka yote, na Haitham akamshika kiunoni asidondoke. Shati lilipepea. Mashine ya wale ilinguruma kwa mbali, ikanguruma, kisha ikabadilisha sauti. Omo nyekundu ikageuka kuwaelekea.

*

Nahodha wa ile boti aliitwa Jecha. Aliwapa maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, akimzuia Haitham mikono. Akaiona kamera.

"Mmetuonaje kutoka kule?" aliuliza.

"Kwa kamera hiyo," Mzee Ame alijibu, kalala juu ya nyavu.

"Na tangu jana mnayo? Jana palikuwa na boti ngapi huku! Mbona hamkuitumia?"

Haitham alifungua mdomo. Mzee Ame akamtangulia. "Iliingia maji. Kaianika mpaka leo ndo ikakubali."

"Alhamdulillah," Jecha alisema, akampiga Haitham begani. "Kweli wewe fundi."

Kutoka Makangale walipelekwa hospitali. Mzee Ame alikatwa vidole viwili. Daktari alisema angefika jana yake vingepona. Haitham alikuwa kasimama pale mlangoni, akasikia kila neno. Siku nne hakuondoka wodini. Alimuosha mzee, akamlisha, akamwaga ndoo. Siku ya tano, wodi ikiwa tupu, alisema atakwenda Fundo akawaombe radhi wale wanawake, wote, mmoja mmoja.

"Ukiwaambia utawavua mara ya pili," Mzee Ame alisema. "Hivi sasa hawajui. Wakijua, kesho nani ataingia majini? Na majini ndimo wanamolishia watoto. Likae hapa, kwako na kwangu."

"Wewe umenisamehe, mzee?"

Mzee Ame aliutazama mguu wake uliofungwa. "Bado," alisema. "Namuomba Mungu anifikishe. Ila leo bado."

Nje kulisikika sauti za wanawake. Bi Mwanamize aliingia na wenzake wawili, Siti na Moza, wamebeba chupa ya uji na sufuria lililofungwa kitambaa. Jecha alikuwa amekwisha kuieneza habari kila pwani: kamera ya kijana wa Chake ndiyo iliyowaokoa. Siti alimwita mwanetu. Moza alicheka, akasema na aje siku moja Fundo awapige picha wakiwa kwenye mwani, watajipamba.

"Mwacheni kwanza apone mikono," Mzee Ame alisema, akafumba macho.

Bi Mwanamize alimimina uji kikombeni. Hakumpa mumewe kwanza, alimpa Haitham.

"Baba Khairat kanambia ulipiga kasia mpaka mikono ikatoka ngozi," alisema. "Mie sina cha kukulipa. Mungu akusitiri, mwanangu, duniani na akhera, kama ulivyonisitiria mume wangu."

Haitham alikishika kikombe kwa viganja vilivyofungwa bendeji. Dua ikiombwa huitikiwa, na wanawake wote watatu walikuwa wakimngoja.

"Amin," alisema, na ilimbidi alirudie, kwa kuwa mara ya kwanza sauti haikutoka.